Mwaka Nilioinua Macho

Nilifika Mji wa Kale, Mombasa, wameshazika. Simu ya Salma ilinikuta Nairobi baada ya sala ya alfajiri, nikapata ndege ya asubuhi, na bado nikachelewa, kwa sababu kwetu maiti hangojeshwi, hata kama anayengojewa ana jina kubwa. Nilipopanda ngazi za nyumba ya Shangazi Zena, ngazi ambazo kila moja ina kimo chake na mgeni lazima ajikwae, nilikuta kitanda cha kamba kimeegemezwa ukutani, sakafu bado ina maji, na harufu ya kafuri na udi imeshika kila kitu. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya mikeka, juzuu mikononi. Wengi walinikumbatia wakalia nami, Mola awalipe. Lakini palikuwa na wasichana wawili watatu kwenye pembe wakinong'onezana, "Ndiye, wallahi ndiye," na mmoja akatoa simu yake anipige picha pale pale matangani. Nimezoea. Uso wangu umeshakuwa mali ya watu, kila anayeupata huona ana haki nao. Salma alimwendea akamwekea mkono begani, na simu ikarudi mkobani. Shangazi angekuwa hai, msichana yule angeteremka ngazi zile bila kugusa hata moja.

Salma ni mwana wa ami yangu. Alikuwa mtoto mdogo wakati nilipoondoka nyumba ile, na ndiye aliyekaa na Shangazi miaka yote hii, akamlea kama mama yake. Alinipa maji, akaniketisha karibu na dirisha. "Pole, dada," akasema. "Alikuulizia." Nikamwuliza aliniulizia nini, lini, akasema, "Nitakuhadithia. Kwanza kula kitu, uso umekupauka." Pilau ya matanga ikaletwa, na mimi nikaila, nikaona haya kwamba nasikia utamu wa pilau na Shangazi Zena yuko chini ya udongo. Kisha nikatazama chumba. Kitanda cha samadari bado kiko pale pale, jiwe la msio la kusugulia liwa bado liko juu ya rafu, na kile kiti kirefu cha mgongo wa kuchonga bado kiko mbele ya ukuta, kimefunikwa shuka jeupe. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kukikalia.

Watu wa magazeti huniuliza nilianzia wapi. Huwaambia nilianzia kwenye mashindano ya urembo, kwa kuwa ndilo jibu wanalolitaka na picha zake wanazo. Nikiwaambia nilianzia juu ya kiti kile, chumbani kwa wanawake, bila kamera wala jaji, watadhani najitia ushairi. Lakini ndivyo. Wazazi wangu nitawaacha kando, wana hadithi yao na si ya hapa. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nakaa kwa Shangazi tangu utotoni, na Shangazi alikuwa somo. Somo, kwa asiyejua, ni mwanamke anayemshika mkono bibi harusi tangu anapofungiwa ndani: humsugua liwa mpaka ngozi ing'ae, humtia hina na piko, humfundisha ya ndani yanayofundishwa, halafu humpamba na kumtoa nje. Kutolewa nje ni siku ya wanawake watupu. Bibi harusi hukalishwa juu, mbele ya jamaa na majirani waliojipamba na kujifukiza, ili atazamwe. Hana analofanya ila kutazamwa. Hacheki, halii, hatikisiki, na macho yake yako chini tangu mwanzo. Huwa hivyo mpaka somo wake amwendee, amtie vidole viwili chini ya kidevu, na amwinue taratibu. Hapo ndipo macho hufunguka, hapo ndipo vigelegele hupigwa, na wanawake wazima waliokuja kula biriani tu hujikuta wanalia.

Shangazi alikuwa mtu wa Mvita wa zamani, macho aliyaita mato, na chini aliiita tini. "Mato tini," alikuwa akisema, si kwa ukali, kama mtu anayekuambia ufunge mlango upepo usiingie. Wasichana walimletea shida. Huyu hucheka akiona shoga zake, yule hulia akimkumbuka mama yake, mwingine hujikuna. Basi akanitumia mimi. Baada ya alasiri alinikalisha juu ya kile kiti, nimevaa leso tu, na bibi harusi hukaa kwenye mkeka anitazame nifanyavyo, mpaka muadhini wa magharibi aite. Nilikuwa na kipaji hicho, sijui kilitoka wapi. Siri yake alinifundisha Shangazi mwenyewe. "Usitafute pa kutazama," aliniambia. "Sikiliza. Ukisikiliza, uso hutulia wenyewe." Nami nilisikiliza. Nilisikiliza nyundo ya fundi wa fedha kule uchochoroni, mafuta ya kaimati jikoni, na zaidi ya yote mazungumzo. Mtu asiyetikisika husahaulika. Wanawake walisema yote mbele yangu: nani karejea kwa mumewe na kwa nini, nani kafumaniwa, nani anajitia hana mimba na tumbo li hilo hapo. Kuna mmoja, mke wa mwuza majani ya chai, aliyewahi kusema polepole, hali anamenya kitunguu saumu, kwamba yeye katika maisha yake alitazamwa vizuri mara moja tu, siku ile ya kutolewa nje, na tangu hapo hakuna tena aliyemwona. Wengine wakacheka, naye akacheka pia. Mimi juu ya kiti sikucheka, na neno lile halijanitoka hata leo.

Kwenye pembe ya chumba palikuwa na kasha la Shangazi, na ndani yake mlikuwa na vyangu. Leso za kisutu mpya, kitana cha fedha, bangili, kichupa cha manukato ya halud kilichofungwa kwa nta. Alikuwa akinionesha nikiwa mwema. "Nitakutoa mimi kwa mkono wangu huu," alisema, "na Mombasa italala na njaa kwa kukutazama." Yeye hakuzaa, na aliwatoa mabinti wa watu wote. Mimi ndimi wa kwake. Katika mazoezi yote yale, hata siku moja hakunigusa kidevu. Alifika nao mkono, vidole viwili vimetangulia, halafu akausimamisha palepale hewani. "La," alisema. "Hii ina siku yake." Nikawa nateremka kitini na shingo inauma na kidevu kinawasha, nangoja siku yangu.

Aliyenitia kwenye mashindano ni Shamim. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Bondeni, Mhindi mpole aliyejua kila mwanamke wa kisiwani kwa rangi anayoipenda, na Shamim mwenyewe alikuwa akishona nyuma ya duka, ukutani kabandika picha za warembo wa dunia. "Wewe na urefu huo," aliniambia, "unakaa kwenye mkeka unafanya nini?" Kulikuwa na mashindano katika ukumbi mmoja upande wa Feri. Akanishonea gauni la rangi ya zambarau iliyoiva, mikono mirefu, shingo imefunga. Sikumficha Shangazi. Nilimwambia jikoni, tunachambua mchele.

"Mashindano ya nini?" akauliza.

"Ya uzuri, Shangazi."

"Uzuri mashindano? Na wanaoshindwa hufanywa nini?"

"Hurudi makwao."

"Na watazamaji ni kina nani?"

"Watu."

"Watu," akasema, akapuliza makapi. "Watu ni wanaume. Hwendi."

Nikaenda. Nilikuwa na umri ule ambao hwendi ni njia ya kukuonesha mlango. Nyuma ya pazia wasichana walikuwa wamepaka meno mafuta ya mgando, ili midomo iteleze na tabasamu lisikwame, na mmoja akanikaribisha kichupa chake, mwema wa watu. Wakatoka mmoja mmoja, meno nje, mkono kiunoni. Zamu yangu ilipofika nilipanda jukwaa, taa zikanipiga, nikasikia ukumbi mzima unanitazama, na mwili wangu ukafanya kitu pekee ulichokijua. Nilisimama, nikateremsha macho, nikatulia. Sikuwa najitia kitu. Mimi nilidhani kutazamwa ni hivyo, duniani kote. Nilisikiliza feni la darini lililokuwa na kipande kimelegea. Mtangazaji akasema kwenye kipaza sauti, "Tabasamu kidogo basi, mrembo." Shamim nyuma ya pazia alikuwa akivuta mashavu yake kwa vidole, ananionesha meno, masikini, nusura alie. Kwenye meza ya majaji nikasikia mmoja ananong'ona, "Huyu ana kiburi," na mwanamke wa pili yake akamjibu, "Si kiburi. Huyu ana siri." Sikuwa na kiburi wala siri. Nilikuwa nangoja vidole viwili. Visipokuja, sikuwa na ruhusa ya kuinua macho, na sikuyainua, hata waliponivika taji.

Asubuhi yake Shangazi alikuwa jikoni anakaanga mahamri, na habari zilikuwa zimeshapanda ngazi kabla yangu. Nilisimama mlangoni. Hakugeuka.

"Uliinua mato?" akauliza.

"La, Shangazi."

"Kuna mtu alokugusa kidevu?"

"Hakuna."

Akageuza hamri moja, akageuza la pili, akayatazama yanavyofura. "Mbaazi zi jikoni," akasema, hali yumo jikoni humo humo na mimi namwona. Tukala. Sikuwa nimesamehewa, lakini nilijua mpaka uko wapi na kwamba bado sijauvuka. Mwaka ule ule nikashinda mengine makubwa zaidi, Nairobi, na picha yangu ikatoka gazetini. Wanawake wakamletea Shangazi, roho zao zimejaa furaha ya kuleta habari mbaya. Nilikuwa chumba cha pili, nikayasikia yote. "Zena, mwanao huyu hapa gazetini." Na sauti ya Shangazi, haikutetemeka: "Mato yake yako wapi?" Wakatazama. "Tini," wakasema. "Basi," akasema Shangazi. "Nani anakunywa kahawa?" Nikaegemea ukuta ule wa mawe nikacheka peke yangu mpaka machozi. Nikifikiria sasa, hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya raha.

Gazeti hilo hilo lilimleta Bwana Karanja, mwongozaji filamu. Alikuja kutoka Nairobi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na kwa hilo Shangazi alimpa kahawa na halua, akimsemesha kutoka nyuma ya pazia. Filamu yake ilikuwa ya bibi harusi ambaye mumewe anafariki siku ya harusi, naye anabaki amepambwa, hakuna anayejua amwambie nini. Alitaka harusi ya kweli ya Mombasa, na alimwomba Shangazi awe mwalimu wao. "Mwambie harusi si mchezo," pazia likasema. Nikamwambia kwamba Shangazi anashukuru ila ana kazi nyingi. Akatabasamu, alielewa. Mimi nikakubali. Shangazi hakusema hwendi. Alinitazama tu nikishuka, na siku zile zote za kazi alinibakizia chakula kimefunikwa kawa, samaki wa kupaka na wali, wala hakuuliza tunafanya nini huko.

Tulipiga picha zile katika nyumba iliyokodiwa, vichochoro viwili tu kutoka kwetu. Chumba kilikuwa kama hiki, kiti kirefu, samadari, udi unafuka. Tofauti ni nyaya sakafuni na wanaume kila mahali, wa taa, wa sauti, wa kamera. Walinipamba kama bibi harusi, asumini kichwani, hina mpaka kwenye viwiko. Mama wa Nairobi aliyeigiza somo alikuwa mwigizaji mzuri na mtu mzuri, lakini kidevu alikigusa kama anayempima mtoto homa. Tukarudia. Tukarudia tena. Nilikuwa siwezi kuyainua macho yakawa macho. Yaliinuka kama pazia la duka. Mwisho Bwana Karanja akaja mwenyewe, akapiga magoti kando ya kamera, akaniambia kwa upole, "Rukiya, nioneshe inavyokuwa." Kisha akanyoosha mkono. Vidole viwili. Nani aliyemfundisha, sijui. Labda aliona jinsi nilivyokuwa navingoja.

Nilikuwa na muda wa kugeuza uso. Niseme hivyo kwa sababu wapo wanaonitetea, husema nilikuwa mtoto, sikujua. Nilijua. Nilijua ni mkono wa nani uliopaswa kuwa pale. Na nilikuwa nimengoja sana, miaka, kidevu kikiwasha, na mwili ukichoka kungoja haubagui. Nikainua macho. Yote niliyoyasikia juu ya kile kiti yalipanda pamoja nayo, wale wanawake wote, yule mke wa mwuza majani ya chai na kitunguu chake. Mtu wa taa, kijana wa Majengo, akasema "Subhanallah" na kuharibu sauti, na Bwana Karanja hakumgombeza. Aliketi sakafuni akajishika kichwa. Macho yale ndiyo yaliyonifanya nilivyo. Nimeigiza kila kitu baada ya hapo, wajane, mahakimu, malaya, bibi wa watu, na bado mtu akinisimamisha njiani ni kwa ajili ya yale. Sikuyajutia wala sitayajutia. Nimeyalilia, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Bango lilibandikwa mji mzima. Shamim alinihadithia yaliyotokea, maana yalitokea mbele ya duka lao. Shangazi alikuwa anapita Bondeni kwenda kumtia hina bibi harusi wake, mkoba wa vifaa mkononi, akaniona ukutani, mkubwa kuliko mlango, asumini kichwani, macho wazi, nawatazama wapita njia wote. Akasimama. Baba yake Shamim akamletea kigoda, akakaa, juani. Halafu akainuka, akashukuru kwa kigoda, akaenda kwa bibi harusi wake akamtia hina mikono na miguu, wala mchoro haukupinda. Mimi nilikuwa nyumbani nakata kachumbari alipoingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kasha, akalifungua, akaanza kutoa: leso, kitana, bangili, kile kichupa.

"Vya nani hivyo, Shangazi?"

"Vya yule mtoto nilotoka kumtia hina. Mamake hana kitu."

"Vilikuwa vyangu."

"Wewe ushatolewa, Rukiya," akasema. Hakupaza sauti. "N'mekuona ukutani. Ushatolewa, na mji ushakutazama, wake kwa waume. Mimi sina tena wa kumtoa."

"Ilikuwa filamu tu. Nilikuwa naigiza."

"Yale mato hukuyaigiza. Nayajua. Niliyaweka mimi."

Nilikuwa na kisu mkononi, na macho yananiwasha kwa kitunguu na kwa mengine. Nikamjibu kwa jeuri, ndiyo tabia yangu, nikiumia nauma. "Basi kama uliyaweka wewe, mbona huoni fahari?"

Akafunga kichupa ndani ya leso, akakaza fundo. "Naona," akasema. "Ndiyo yaniumayo."

Hakunifukuza. Ningetamani angenifukuza, ningekuwa na la kushikilia. Tulikula kachumbari ile pamoja, na asubuhi nyingine akanifungia viazi vya karai vya njiani, na mimi nikaenda Nairobi, kwenye filamu ya pili na ya tatu na maisha haya mnayoyajua. Sikuolewa. Waliokuja kuniposa walikuja kumposa yule wa bangoni, na yule wa bangoni alikuwa na kazi. Kila nilipoweza nilirudi, na kila niliporudi Shangazi alinipokea. Hapo ndipo palipokuwa na adhabu, kama ilikuwa adhabu. "Karibu, karibu ndani, starehe. Wanywa chai ya tangawizi au ya maziwa?" Mimi, niliyechemsha chai ile miaka na miaka na kujua iliki ipo kopo gani. Alinitolea sahani za wageni, zile za maua. Alinipa mkono nikaubusu, akaniuliza hali ya Nairobi, mvua, na afya. Alinisifia kila kitu. Usoni hakunigusa kabisa, hata kunifuta unga wa kaimati mdomoni, jambo ambalo angemfanyia mtoto wa jirani. Nilizoea, nikajiambia kuna muda, tutazungumza, siku moja nitamwambia nimeelewa, naye aniambie lolote. Tuliongea habari ya mvua miaka yote ile.

Siku ya hitima, baada ya wasomaji kumaliza na sinia kuondolewa, wakabaki wanawake wa nyumbani tu. Shamim alikuwepo, nywele nyeupe sasa, na majirani wawili, na muuguzi aliyekuwa akija kumsaidia Salma, msichana wa Kikamba mwenye msalaba mdogo shingoni, kakaa kwenye mkeka na sisi. Salma akanisogelea. "Nilikuambia nitakuhadithia," akasema.

Akanihadithia kwamba tangu mfungo sita akili ya Shangazi ilikuwa inakwenda na kurudi. Nilijua ni mgonjwa. Nilikuwa nimeambiwa ni udhaifu wa uzee, na nilipanga kuja mwisho wa mwezi. Sikuambiwa kwamba kila siku kwake ilikuwa siku ya kutolewa nje. Aliamka anauliza udi umewashwa, asumini zimeletwa, watu wamefika. Na kila aliyemkalia kitandani kumlisha uji, Shangazi alikuwa akimeza kijiko kimoja au viwili, kisha anaacha, anamtazama, anamtia vidole viwili chini ya kidevu. "Rukiya," anasema. "Inua mato, mwanangu. Watu wakungojea."

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Kila siku, dada. Kila aliyemlisha." Salma alikuwa anachezea ukingo wa mkeka. "Mwanzo nilikuwa namwambia, mimi si Rukiya, mimi ni Salma. Akawa anahangaika. Basi nikaacha. Nikawa nainua tu."

"Mimi pia," akasema Shamim. "Na binti zangu wote."

Jirani mmoja akaitikia kwa kichwa, na wa pili. Kisha yule muuguzi, kwa Kiswahili chake cha bara, akasema, "Hata mimi, mama. Sikujua maana yake. Niliinua macho, nikalia, na sijui nililia nini."

Wote. Nilizunguka uso mmoja mmoja kwenye chumba kile, na kila mmoja alikuwa na kile kitu. Shangazi alikuwa amekitoa kwa yeyote aliyeketi karibu, bila hesabu wala kinyongo, kwa jina langu. "Mbona hukuniambia?" nikamwuliza Salma, na sauti iliyotoka haikuwa yangu ya kazi.

"Niliogopa kukuambia kwa simu," akasema. "Nilisema ukija, utayaona mwenyewe."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda akatoa lile shuka jeupe juu ya kiti, akalikunja, akanishika mkono akanikalisha. Sikubisha. Nilikaa kama nilivyofundishwa, mgongo sawa, mikono pajani, nikateremsha macho kwenye kucha zangu za Nairobi. Nikamsikia anakuja, miguu mitupu juu ya mkeka. "Alikuwa akifanya hivi," akasema, na nikasikia vidole viwili chini ya kidevu changu, vina joto, vinanuka udi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii mtu husema sasa, nami huinua macho, nikiwa na homa, nikiwa na njaa, nikiwa na msiba, huinua, na watu hulipa kuyaona. Salma akasukuma taratibu, kwa mkono wa Shangazi kabisa, na kwa sauti ya Shangazi, maana kakaa naye mpaka imemwingia, akaniambia niinue mato, watu wakungojea. Kidevu kikapanda. Nikasikiliza nyundo ya fundi wa fedha kule nje, na wanawake wale wakivuta pumzi zao kuningoja, na nikangoja pamoja nao. Macho yalikataa.